Unga wa kumwachisha mume pombe kwa siri

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu anavua dagaa. Kukiwa na mbalamwezi hawaingii ziwani, basi anashinda kwenye gongo. Asipoipata asubuhi mikono inamtetemeka, na siku hizi analia usiku akisema hana faida duniani. Kuna mtu huku mwaloni anauza unga wa kutia kwenye uji, eti ataichukia pombe bila kujua. Nimpe?
Mama wa watoto wawili, Igombe, Mwanza

JIBU: Marahaba. Usimpe, dada. Kama umeshampa, mpeleke hospitali pamoja na unga wenyewe.

Habari za unga huu zinanifikia kila mara, na kinachonikera zaidi ni hiyo dhana kwamba mlevi anachokosa ni kuichukia pombe. Wengi ninaokaa nao wanaichukia kabisa. Wanakunywa kwa sababu wasipokunywa wanatetemeka, kama mumeo.

Muuzaji hakwambii kilichomo. Huenda ni majani tu, huenda ni vidonge vilivyosagwa. Hospitalini ipo dawa iitwayo disulfiramu. Inazuia mwili kuivunjavunja pombe mpaka mwisho, sumu ya asetaldehaidi inajaa kwenye damu: uso unawaka, mtu anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inashuka. Mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kufa. Ndiyo maana anapewa aliyepimwa, aliyekubali, na ambaye hajaonja pombe kwa angalau saa 12. Hata akiacha vidonge, hatari inaweza kubaki hadi wiki 2. Sasa mtu amelishwa kitu cha namna hiyo kwenye uji, hajui, anapitia kilabuni kisha anapanda mtumbwi usiku!

Tuseme basi unga umefanya kazi, ameacha ghafla. Mwili uliozoea pombe kiasi hicho unaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, kisha kuweweseka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo. Huko mialoni watasema karogwa, na saa za kumwokoa zitaishia kwa mganga. Hali hiyo inaua, na inatibika: daktari hutumia dawa kama diazepamu na vitamini B1, chini ya uangalizi. Kwa hiyo asiache mwenyewe nyumbani. Nendeni hospitali ya Sekou Toure au Bugando kwanza, naye akijua anakwenda kufanya nini.

Kilio chake usikisubirishe. Pombe yenyewe huleta huzuni, na mara nyingi hupungua wiki chache baada ya kuacha; isipopungua inatibiwa peke yake. Lakini leo hii muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa kamba na sumu za wadudu, mfike hospitali leo leo.

Ushauri nasaha utafuata, wala si mahubiri. Tutatafuta naye nini kinamsukuma kunywa na zile siku za mbalamwezi azijaze na nini. Ni kazi ya miezi, na kurudi nyuma hutokea. Yeyote anayewaahidi siku 3, awe na unga, mafuta au nyumba ya kufungia watu minyororo, muulizeni mgonjwa akishikwa na degedege usiku atamfanyia nini.