Nimekwaruza gari ya shemeji kwenye geti, naweza kuirekebisha kabla sijairudisha?

Swali: Fundi habari za kazi. Niliazima IST ya shemeji, rangi ya sliva, tulikuwa na msiba Urambo. Wakati natoka pale nyumbani nilikata kona mapema, ubavu wa kushoto ukasugua geti. Mlango wa nyuma una mistari kama minne na rangi ya bluu ya geti imegandia, halafu pembe ya bampa imechubuka mpaka plastiki inaonekana. Haijabonyea popote. Jumapili natakiwa kuirudisha Tabora. Mmoja kaniambia nipake dawa ya meno, mwingine kasema nitafute msasa na kopo la rangi ya kupuliza. Naweza kumaliza kabla hajaona?

Jibu: Pole sana kwa msiba ndugu yangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujashika kitu, maana gari nyingi zinazoletwa hapa kwangu Ng'ambo, Tabora, zimeumizwa na tiba kuliko ajali yenyewe, mtu ana mstari mmoja tu anachukua stilwaya ya kusugulia sufuria anasugua mpaka mlango mzima unafubaa.

Hiyo bluu isikutishe, ni rangi ya geti imekaa juu ya rangi ya gari, hiyo inatoka. Osha mlango kwanza kwa maji mengi na sabuni, hapo usifanye haraka kwa sababu vumbi la barabarani ni mchanga, ukisugua juu yake ni sawa na kupiga msasa. Likikauka chukua kipande cha fulana nyeupe ya zamani, chovya thina kidogo sana, anza kujaribu kwenye ukingo wa chini wa mlango huohuo, sehemu ambayo haionekani. Angalia kitambaa. Kikibaki cheupe, rangi ni ya kiwandani au iliyopigwa vizuri na hadena (dawa ya kukomaza rangi), futa ile bluu taratibu bila kukandamiza, dakika chache imeisha. Ila kikija na sliva, au ukiona bodi inanata kwenye kidole, acha palepale! Huo mlango ulishawahi kupigwa rangi ya bei rahisi na thina inaiyeyusha, ukiendelea utafika kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya chini.

Bluu ikitoka ndo utajua mikwaruzo yenyewe ikoje. Kwenye bati kuna praima, juu yake rangi, juu kabisa klia ndo inayong'aa. Klia ya kiwandani ina kama mikroni 40 mpaka 50 hivi, unywele wako wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hapo, kwa hiyo ukisugua unasugua kitu chembamba sana na kikishaisha hakirudi. Mwagia maji kwenye mstari. Ukipotea halafu ukarudi maji yakikauka, uko kwenye klia. Kisha pitisha kucha kwa kukata mstari, ikiteleza bila kukwama kompaundi (ile krimu ya kung'arishia rangi) inatosha, kidogo tu kwenye kitambaa laini, kivulini bati likiwa limepoa (sio chini ya mwembe, utomvu na vumbi vinadondokea kazi) na usikandamize kwenye kona za mlango maana pale klia ni nyembamba zaidi. Kucha ikikwama, kompaundi itaufifisha tu. Ukiona kijivu cha praima au bati lenyewe, hiyo ni kazi ya rangi, na bati lililo wazi usiliache mpaka mvua zianze, kutu inatambaa chini ya rangi nzima.

Dawa ya meno nayo inasugua kidogo, kwa vile vimistari vidogo kabisa vya kitambaa inasaidia, kwa geti hapana.

Kopo la kupuliza ndo nakuomba sana uachane nalo. Sliva ina chembe za metali ndani yake, namna zinavyolala inategemea umepuliza kwa umbali gani, presha gani na rangi ikiwa nyepesi kiasi gani, ndo maana kiraka cha sliva mchana wa jua kali kinaweza kukudanganya. Kuna mtu aliwahi kuniletea Noah ya kuazima aliyoipuliza mwenyewe, saa sita mchana naye akaona iko sawa, saa kumi na mbili jioni jua limelala ubavuni kikaonekana kiraka cheusi kama kivuli cha mkono. Ikabidi nipige mlango mzima na kuififisha rangi kidogokidogo kuelekea mlango wa mbele ili jicho lisione inapoishia. Na usimwambie muuzaji wa rangi "sliva ya Toyota" tu, fungua boneti au mlango wa mbele uangalie nguzo, kuna kibati kina namba ya rangi. Utakutana sana na 1C0 na 1F7, kwa macho utasema ni moja, zikae mlango kwa mlango zinaachana.

Bampa ni plastiki, haishiki kutu, haina haraka hata kidogo. Ila inataka praima ya plastiki kwanza, fundi akiruka hiyo rangi inabanduka kama ganda siku ikioshwa kwa mashine. Kwa sliva napiga bampa zima, sio pembe.

Kuhusu kumaliza kabla hajaona, hapana kaka. Klia ya hadena inashikika baada ya saa chache lakini kukomaa inataka siku kadhaa, ukiiwahisha Jumapili unampelekea gari yenye rangi laini na vumbi ndani yake, na yeye hata hajui nini kimefanyika kwenye mali yake. Mpigie leo, mtumie picha za mlango na bampa kabla hujafuta hiyo bluu, mwambie gharama ni zako. Pengine ana bima kubwa, pengine ana fundi wake, ni haki yake kuchagua. Halafu muulize kama mlango wa nyuma wa kushoto ulishawahi kupigwa rangi. Akisema ndiyo, thina usiifungue kabisa, ilete gari kama ilivyo na bluu yake.