Fizi zinatoka damu na shavu limevimba baada ya surua

Dada, mtoto wa miaka 3 aliyetoka kuugua surua, mdomo unanuka, fizi zinavuja damu na shavu limevimba: usisubiri Jumatatu. Mpeleke leo Hospitali ya Temeke, ni karibu na hapo Mbagala ulipo, au Muhimbili. Hiyo inaweza kuwa noma (ugonjwa unaoozesha fizi na uso), na ikishaanza shavu linaweza kuoza ndani ya siku chache. Angalia kwa nje: ngozi ikianza kung'aa, kukaza, kisha kuweka doa la bluu au jeusi, nyama ya ndani imeshaanza kufa.

Surua hushusha kinga na kumaliza vitamini A mwilini. Mtoto akiwa na utapiamlo, bakteria wa kawaida wa mdomoni wanapata nafasi. Haiambukizi, wenzake wasitengwe.

Hospitali watampa antibayotiki, mara nyingi amoksisilini pamoja na metronidazoli, na vitamini A (umri wake ni yuniti 200,000 kwa dozi). Waombe wapime pia malaria, wingi wa damu na VVU. Usinunue dawa nusu dozi duka la dawa. Magadi na dawa za kienyeji za kupaka, hapana kabisa, zinaunguza kidonda.

Njiani mpe maji na uji wa maziwa. Futa fizi taratibu kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Akipona, ulizia mazoezi ya kufungua mdomo mapema, maana kovu hukaza taya.