Nimeandikiwa "amenable": ni sifa au kijembe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye fomu yangu ya tathmini kazini, msimamizi ameandika "She is amenable to new ideas". Mwenzangu anadai maana yake sina msimamo, mtu wa kuburutwa tu. Nifurahi au nikaulize? Na je, ni sahihi kuandika "I am amenable to work on Saturday"?

JIBU: Marahaba, dada. Furahi, mwenzako anakutia wasiwasi wa bure. Si tunamlalamikia mtu kwamba "yule haambiliki"? Wewe umeandikiwa kinyume chake: unaambilika. Ukiletewa wazo jipya unalisikiliza, na likikuingia unalikubali. Kama angetaka kusema unatii kila unaloagizwa, angeandika "compliant". Angeandika "docile", yaani mpole wa kuburutwa tu, hapo ningekuambia kaulize, tena leo leo.

Hata hivyo mwenzako hajalitoa hewani. Neno hili linatokana na Kifaransa "amener", yaani kumleta mtu mahali, na lilipoingia kwenye Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 lilimhusu anayepaswa kujibu mbele ya sheria. Wanasheria wangali wanasema "amenable to the law", na humo hiari haimo kabisa. Madaktari nao wana "amenable to treatment", ugonjwa unaotibika. Ugonjwa haujaombwa ridhaa! Kwa hiyo tazama kinachofuata baada ya "to". Kwako ni mawazo mapya, basi ni sifa, tena ya mtu mwenye akili zake.

Sentensi yako ya Jumamosi ina kasoro. Hiyo "to" haiambatani na kitenzi kama ile ya "I want to work"; inataka nomino, au kitenzi chenye "-ing": "amenable to working on Saturday". Lakini mimi nisingeiandika hata hivyo. "Amenable" hupendeza zaidi ukisemwa na mwingine. Ukijisemea mwenyewe kwenye barua ya kazi, ni kama unajitunuku cheti. Andika "I am willing to work on Saturday", yatosha, na hapo kitenzi kinakaa bila "-ing".

Ukilitamka, mkazo uweke kwenye silabi ya pili na uivute: a-MII-na-bol. Halina undugu na "amina" wala "amini", ingawa nimeshawasikia wanaoapa kwamba linao.