Mbega Hana Kidole Gumba

Wadogo zangu wachoraji,

Tangu Ramadhani iishe nimeletewa dami za vitabu vya watoto, yaani mifano ya kitabu kabla hakijapigwa chapa, kutoka Kisauni, Tudor na Mji wa Kale hapa Mombasa, na wengine mmevuka feri kutoka Likoni mmezifunga kwa leso zisirowe. Nimefurahi, msidhani nimewachoka. Lakini nimeona kaa mwenye miguu sita. Nimeona kasa aliyeingiza kichwa ndani ya gamba, jambo analoliweza kobe wa nchi kavu. Kasa hawezi hata akitishwa vipi. Nimeona kasa mwingine, mama mtu, akiwaongoza wanawe baharini kwa foleni, naye kajitanda leso. Leso sina neno nayo. Foleni ndiyo iliyonitoa kitandani nikaandika haya.

Kasa hutaga usiku, akayafukia mayai mchangani, akarudi zake baharini, na habari yao imeisha. Baada ya miezi miwili hivi wanatoka wenyewe, bila mama wala shangazi, wakimbilie mwanga wa upeo wa bahari huku kaa na ndege wakiwasubiri njiani. Hebu niambieni, nani akiwa na kisa cha namna hiyo mkononi akakibadilisha kwa foleni ya shule?

1. Picha nayo inasema, na hakuna anayeisahihisha.

Mswada wako utapita kwa mhariri, kwa msahihishaji, pengine kwa mwalimu wa Kiswahili atakayegombana nawe juu ya upatanisho wa sarufi wiki nzima. Picha zako zitaangaliwa, watu waseme "mashallah, nzuri", basi. Mtoto wa miaka mitano hasomi maneno. Anasoma picha, na anaisoma kuliko mhariri alivyosoma mswada.

Nayajua haya kwa sababu ya ndizi.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha mbega mdogo aliyepotezana na mamake kule Diani, kusini mwa Mombasa. Nilijiona hodari. Nilijua kwamba mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, ndipo baadaye anageuka mweusi mwenye mashavu na mabega ya singa nyeupe. Nilijua ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa na magari, nikazichora kamba kwa kamba. Ukurasa wa mwisho mtoto anamwona mamake, wanakaa juu ya tawi, na maneno yanasema: "Wakala, wakashiba, wakalala." Hayo tu. Hayana kosa.

Sasa ukurasa ule ulikuwa kijani kitupu. Majani juu, majani chini, mbega wawili weusi na weupe katikati. Jicho halikuwa na pa kutua. Nikasema hapa panataka manjano kidogo. Nikampa mtoto ndizi mbivu, imemenywa nusu, maganda yananing'inia vizuri. Mkono wake niliuchora kutoka kwa wangu: nilishika ndizi kwa kushoto nikachora kwa kulia. Kidole gumba kimeibana ndizi sawasawa. Nilikipenda kidole kile, wallahi.

Mbega hana kidole gumba. Ana vidole vinne virefu vya kutundikia kwenye matawi, na pale pa gumba pana kijinundu tu. Na mbega hali ndizi mbivu. Ni mla majani, na matunda mabichi na mbegu. Tumbo lake lina vyumba, na ndani yake mna vijidudu vinavyoyachachisha majani ndipo yasagike. Ukimtia sukari ya tunda bivu tumbo linavuruga, linajaa gesi, na anaweza kufa. Katika picha moja ndogo nilikuwa nimemwongezea kiungo asichonacho na kumlisha sumu, kwa sababu nilitaka manjano.

Mhariri alinisahihishia koma kwenye ukurasa huo huo.

Kitabu kikatoka. Shule moja hapa mjini ikanunua nakala za madarasa ya chini, na mwalimu akapanga safari ya kuwapeleka watoto Diani wakawaone mbega wenyewe, na mimi nikaalikwa mgeni wa heshima. Tukavuka feri, watoto wanaimba, kila mmoja na kitabu chake. Niliona ndizi kwenye mikoba. Nikadhani ni chakula chao cha mchana. Nikasema moyoni, wazazi wa siku hizi wanajali afya.

Tulipofika, dada anayewatunza wale wanyama akawakalisha chini ya mti na kuuliza: "Nani ajua mbega hula nini?" Basi zikapanda sauti zote kwa pamoja: "Ndiziii!" Na vitabu vikainuliwa juu, vimefunguliwa ukurasa wa mwisho, na mikoba ikaanza kufunguliwa.

Yule dada hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliazima kitabu kwa mtoto wa mbele, akakitazama, akageuza jalada akalisoma jina, akanitazama mimi. Kisha akawaambia watoto wainue mikono wahesabu vidole, halafu wamtazame mbega aliyekaa tawini juu yetu, polepole, bila kelele. Wakahesabu. Kimya. Kasichana kamoja kakauliza: "Kwani mwenye kitabu amekosea?" Dada akasema: "Si huyo hapo, mwulize."

Nikajibu jibu la mjinga. Nikasema: "Ile ni hadithi tu, mwanangu."

Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Kwa hivyo mbega wa hadithi haumwi na tumbo?"

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina. Ndizi zikaliwa na wenyewe ndani ya basi, na mimi nikapewa moja kwa heshima ya mgeni. Niliila. Nakala zilizobaki nyumbani niliwakusanya wapwa zangu tukazibandikia karatasi yenye tawi la majani juu ya ile ndizi, moja moja, kwa gundi iliyotapakaa kila mahali. Gumba halikubandikika. Nakala zilizokwisha kuuzwa ziko huko kwa watu, na upande ule wa kusini tayari kuna wageni wa kutosha wanaowatupia kima na tumbili matunda na mikate kwenye veranda za hoteli hata wakawa wezi. Nami nikawa nimetoa kitabu cha kuwasaidia.

Tangu siku hiyo kila picha yangu naifanya kama sentensi. Naiandikia pembeni kwa penseli yale inayodai: huyu anakula hiki, ana vidole hivi, anatoka saa hizi, anaishi na nani. Halafu natafuta mtu anayemjua mnyama yule kwa kazi yake, si kwa kusikia, nampelekea dami nikiwa na kalamu mkononi. Wengi hawataki hata malipo. Wanataka kuwekwa kwenye shukrani, na jina liandikwe vizuri.

2. Toka nyumbani.

Mnyama hachorwi kutoka kwa picha ya simu iliyochorwa na mtu mwingine kutoka kwa picha ya simu. Mikindani kuna mikoko, nendeni siku za bamvua maji yakipwa, muone kwamba mikoko si mti mmoja: mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kwenda chini, mchu umechomoza vimizizi vyembamba juu ya tope pande zote. Mmoja wenu ameviweka vyote kwenye shina moja, na juu akatia makuti. Kaa ana miguu minane na magando mawili. Na yule kaa mdogo wa matopeni, dume ndiye mwenye gando moja kubwa. Jike yote mawili ni madogo, kwa hiyo "Bi Kaa" wako anayepunga gando kubwa ni bwana.

Samaki mchoreni akiwa hai, au muulizeni mvuvi. Aliyelala mnadani rangi zimekwisha kumtoka. Nilimpeleka mmoja wenu kwa ami mmoja wa Mji wa Kale, mvuvi wa tangu zamani, amwoneshe picha yake ya pweza na jahazi. Pweza alipita. Kwenye jahazi ami aliinamia karatasi muda mrefu, akauliza: "Mwanangu, tanga lajaa upepo kwenda huku, na bendera yapepea kule. Nahodha ashike lipi?" Kijana amekasirika mpaka leo. Lakini bendera ameigeuza.

3. Wanyama wa kwetu hawajaisha.

Kwa nini katika dami zenu kuna dubu kwenye hifadhi ya Shimba Hills? Kwa nini simbamarara, ambaye Afrika nzima hayuko porini? Shimba Hills ndiko kulikobaki palahala, yule swala mkubwa, peke yake katika Kenya yote, pembe zimejikunja nyuma kama jambia, na sijaona hata dami moja yake. Msitu wa Arabuko-Sokoke kuna sengi, kale kanyama ka pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Ya dhahabu! Mtoto gani hatacheka? Nyinyi mnaniletea kuchakulo anayeficha mbegu za mwaloni. Hata kunguru wetu hawa wanaoiba mahamri, mnawachora weusi tititi, na kila asubuhi wako dirishani kwenu na shingo zao za kijivu.

Na kisa cha Owen na Mzee kiacheni kipumzike. Kilitokea kweli: mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini kule Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park, hifadhi ya wanyama hapa Mombasa, akaambatana na kobe mkubwa mwenye asili ya Aldabra. Kimeshaandikwa. Kama lazima mkiandike tena, basi jueni kwamba Mzee alikuwa dume. Nimeona dami tatu, zote kobe ana kope ndefu na midomo myekundu. Kwa jumla, punguzeni kope. Jike la mnyama halijulikani kwa kope. Afadhali mchore Haller Park penyewe: palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, mpaka mivinje ikaanza kupandwa mwaka 1971. Hicho ni kitabu, na hakijaja mezani kwangu.

4. Kurasa.

Kwa kawaida ni 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa, na mpiga chapa hakati ukurasa mmoja kwa huruma. Toa hesabuni ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki, uone hadithi imebakiwa na nafasi ngapi. Kunja dami kwa mkono wako na uifungue. Sura ya mnyama isikae kwenye mkunjo wa katikati. Acha milimita 3 za ziada kila upande, zitakatwa.

5. Rangi na karatasi.

Bahari ile ya kung'aa uliyoichora kwenye tableti haipo katika wino. Geuza faili iwe CMYK, zile rangi nne za wino wa mpiga chapa, mapema ulie ukiwa nyumbani, usiende kulilia kiwandani. Mnaotumia rangi za maji, karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na wakati wa masika mchore asubuhi. Jioni Mombasa hakuna kinachokauka. Michoro iliyokwisha isilazwe chini ya kitanda, italiwa na koga.

6. Akili unde.

Mmoja ameniletea pweza mwenye mikono kumi na moja. Nimeihesabu. Hakuniambia ametumia nini, nami sikumwuliza. Nilimwomba tu aniambie mikono mitatu ile ni ya nani.

7. Mkataba.

Hapa mnanisikitisha zaidi kuliko kwenye dubu. Mnatia sahihi kwenye kaunta, mmesimama, kwa kalamu ya kuazima. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa huhesabiwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Na haki hiyo hudumu maisha yako na miaka 50 baada yako, yaani mnauza hata ya wajukuu. Basi mkataba useme vingine. Useme kama unalipwa mara moja au kwa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, na kama ni mrabaha unagawanywaje na mwandishi wa maneno. Useme jina lako litakaa jaladani, si ndani kwa herufi za chungu. Useme wakitaka kumtia yule sengi wako kwenye fulana au katuni watarudi kwako kwanza. Na useme michoro halisi ya karatasi ni yako na itarudishwa, kwa tarehe. Chukua mkataba nyumbani, usome, umpe mwingine asome. Mchapishaji akikwambia ofisi inafungwa sasa hivi na lazima utie sahihi leo, mwulize kesho wanafungua saa ngapi.