Charmander na mwamba wa Brock: maswali ya wanaoanza safari

Maswali ya safari hii yote yana mkia unaowaka: yanamhusu Charmander, Pokémon wa moto ambaye mchezaji anaweza kuanza naye michezo ya Pokémon, hasa matoleo ya FireRed na LeafGreen. Nimeyapanga kwa kufuata njia ya mchezo wenyewe, kwa hiyo anayeogopa kuonjeshwa yaliyo mbele asimame pale alipofika.

Kaka, nimeanza FireRed na Charmander. Kwa Brock nimeshindwa mara nne. Nianze upya na Squirtle, yule wa maji?

Usifute mchezo wako, ndugu yangu. Brock, kiongozi wa kwanza wa gym, ana Pokémon wawili tu, Geodude wa leveli ya 12 na Onix wa leveli ya 14. Wote ni aina ya mwamba na ardhi, na moto ukigonga mwamba hubaki nusu ya nguvu yake. Kuwarushia Ember, pigo la moto, mfululizo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Waliotengeneza FireRed na LeafGreen walilijua hilo, wakakuachia mlango. Charmander akifika leveli ya 13 anajifunza Metal Claw. Hilo ni pigo la chuma, na chuma huupiga mwamba maradufu. Wengi hufika Pewter City, mji wa Brock, wakiwa na leveli ya 10 au 11, wakashindwa, wakamlaumu Charmander. Rudi Viridian Forest, pambana na wadudu wa mle. Moto unawala wadudu upesi, kwa hiyo leveli hizo mbili tatu hazitakuchosha.

Kisha fanya jambo ambalo nalithamini kuliko hilo: toka Viridian City uelekee magharibi, Route 22, umkamate Mankey. Ni aina ya wapiganaji, na mapema sana anajifunza Low Kick, pigo ambalo kuanzia kizazi cha tatu cha michezo hii, ambamo FireRed imo, nguvu yake hutegemea uzito wa anayepigwa. Onix ana kilo 210. Piga hesabu mwenyewe.

Nasisitiza Mankey kwa sababu anayeanza na Charmander akajifunza mapema kutafuta wenzake, safari yake yote huwa nyepesi. Anayembebesha Charmander kila pambano peke yake atakwama tena kwa Misty, kiongozi wa pili mwenye Pokémon wa maji, na hapo hakuna Metal Claw ya kumwokoa.

Je, katika Red ya zamani ya Game Boy hali ni hiyo hiyo?

Hapana, kule hakuna Metal Claw. Aina ya chuma ilikuja na Gold na Silver, mwaka 1999. Lakini pia Brock wa Red na Blue hana pigo hata moja la mwamba. Onix wake anajua Tackle, Screech na Bide. Tena Geodude na Onix wana kinga dhaifu mno dhidi ya mapigo ya kundi la Special (kundi lenye kinga yake, tofauti na ya mapigo ya kawaida ya mwili), na katika kizazi hicho moto wote umo humo. Kwa hiyo Ember, pamoja na kukatwa nusu, bado inauma. Fika leveli ya 14 hivi, utapita.

Nikimchagua Charmander, mpinzani wangu anachukua nani?

Squirtle. Daima anachukua anayekuzidi.

Nimempita Brock, sasa Starmie wa Misty ananimaliza. Charmeleon wangu ana leveli ya 20.

Mpumzishe Charmeleon, huyo Charmander wako aliyekua, dada. Starmie ana leveli ya 21, ana kasi, na maji humpiga wa moto maradufu. Panda Route 24, kaskazini ya Cerulean City, umkamate Oddish ikiwa unacheza FireRed, au Bellsprout ikiwa ni LeafGreen. Pikachu wa Viridian Forest naye anafaa, ila mwili wake ni mwepesi, hastahimili mapigo mengi.

Ukimaliza, na ukishamsaidia Bill, mtafiti wa Pokémon, pita kwenye ile nyumba ya Cerulean iliyoibiwa. Mwizi wa genge la Team Rocket yuko nyuma yake. Mshinde, atakuachia TM28, kifaa cha kumfundisha Pokémon pigo la ardhi liitwalo Dig. Mfundishe Charmeleon. Kituo kinachofuata ni Lt. Surge, kiongozi wa tatu, na Pokémon wake wote ni wa umeme, aina ambayo ardhi ndiyo udhaifu wake pekee. Baada ya Misty, pambano hilo ni furaha tupu.

Nikibonyeza B ili Charmander asibadilike kuwa Charmeleon, napata faida?

Ipo kidogo. Katika Red na Blue, Charmander anapata Flamethrower, pigo kali la moto, leveli ya 38, Charmeleon ya 42, Charizard ya 46. Anayezuia mabadiliko analipata pigo mapema, lakini kwa muda wote huo anatembea na kiumbe mwenye mwili dhaifu. Mimi siwezi kungoja. Leveli ya 16 awe Charmeleon, ya 36 awe Charizard, na Flamethrower itakuja kwa wakati wake.

Charizard ni dragoni au siyo? Tumebishana na kaka yangu hadi usiku.

Kwa umbo, ndiyo. Kwa aina, ni moto na kuruka. Aina ya dragoni anaipata akiwa Mega Charizard X, umbo lililoletwa na X na Y mwaka 2013. Kwa hiyo kila mmoja wenu ana kipande cha haki. Linalowahusu zaidi vitani ni kwamba moto na kuruka vyote viwili vinauogopa mwamba, hivyo pigo la mwamba linamwumiza mara nne. Ukiona Pokémon wa mwamba, mwondoe haraka.

Na ajabu ni kwamba katika Red na Blue, pamoja na mbawa zile zote, hakuweza kufundishwa Fly, pigo la kuruka. Toleo la Yellow ndilo lililorekebisha hilo.

Mwanangu wa miaka saba amesoma kwamba moto wa mkia ukizimika Charmander anakufa. Sasa hataki kumpeleka vitani. Nimwambieje?

Mzazi mwenzangu, mtoto wako amesoma vizuri. Pokédex, ile kamusi ya Pokémon iliyomo mchezoni, katika baadhi ya matoleo inasema hivyo hasa, kwamba moto huwaka tangu anapozaliwa na ukizimika uhai wake umekwisha. Usimwambie ni uongo, maana yameandikwa na ameyaona kwa macho yake.

Mwonyeshe badala yake yanayotokea ukicheza. Charmander akishindwa vitani anazimia tu. Mvua ikinyesha wakati wa pambano, mapigo yake ya moto hupungua nusu, naye anaendelea kupigana. Muwe pamoja mara ya kwanza anapozimia, mumpeleke Pokémon Center, mtoto amwone akirudishiwa nguvu zote bila malipo.

Halafu msomee maelezo ya Yellow. Yanasema moto wa mkia wake hutoa sauti unapowaka, na sauti hiyo husikika mahali penye utulivu tu.