Ukurasa hausomi, hausomwi au hausomeki?

SWALI: Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, anaandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wake kuhusu keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) inavyosimamia kumbukumbu ya Intel SGX, yaani ule uwezo wa kichakataji wa kuipa programu chumba cha siri kiitwacho enklevu. Ameandika hivi: "Kurasa za enklevu hazisomeki na keneli. Nafasi ikipungua, keneli inazifukuza." (Kurasa hapa ni vipande vya kumbukumbu vya ukubwa sawa.) Mwenzake amemsahihisha: "hazisomwi na keneli". Wa tatu anasema "hazisomi" yatosha, maana ndivyo watu wasemavyo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Tuanze na wa tatu, maana kesi yake ni nyepesi. Kwa fundi simu wa Makoroboi utasikia "memori haisomi", "laini haisomi", na kila mtu anaelewa kwamba simu haijakitambua kilichochomekwa. Usemi huo umeshakomaa mitaani, hauna ubaya. Ila katika maelezo ya keneli, "ukurasa hausomi" unaugeuza ukurasa kuwa msomaji, na humo ndani wasomaji wapo kweli: programu inasoma, keneli inasoma, kichakataji kinasoma. Mwanafunzi atabaki anajiuliza ukurasa ulitakiwa kusoma nini.

"Hazisomeki na keneli" ina kosa la sarufi. Kauli ya kutendeka haimbebi mtenda. Mvuvi wa Kirumba akiuvuta wavu akaukuta na tundu, akasema "umekatika", hajamshtaki mtu. Huenda ni jiwe, huenda ni uchakavu. Akisema "umekatwa", pana mtu mwenye kisu, na swali linalofuata ni nani. Ndiyo maana "umekatwa na jirani" ni Kiswahili na "umekatika na jirani" si Kiswahili. Ukitaka kumtaja anayeshindwa kusoma, tumia "kwa": mwandiko huu hausomeki kwa mtoto, yaliyomo hayasomeki kwa keneli.

"Hazisomwi na keneli" haina kosa la sarufi, lakini inasema jambo jingine. Gazeti lisilosomwa linaweza kuwa limechapwa vizuri kabisa, ila wasomaji hawalitaki. Kwa hiyo "hazisomwi" inaacha mwanya wa kudhani kwamba keneli ingeweza kuzisoma, ila haina haja. Na sivyo ilivyo.

Hapa sarufi peke yake haitoshi. Lazima tuangalie mashine inafanya nini, kwa sababu "kutosomeka" kuna sura tatu.

Ya kwanza ni ya kawaida, haina uhusiano na enklevu. Keneli inaondoa ruhusa katika jedwali la kurasa, yaani orodha ya mahali na ruhusa za kila ukurasa, programu inajaribu kusoma, kichakataji kinaikatiza na kuikabidhi keneli hitilafu ya ukurasa. Hapa mtenda yupo na anajulikana, basi mtaje: "keneli imezuia ukurasa usisomwe na programu".

Ya pili ni ukurasa wa enklevu ukiwa ndani ya hifadhi yake maalumu, ile EPC inayotengwa na BIOS, programu ya kuwashia mashine, mashine inapowaka. Keneli ikiugusa kutoka nje haipati hitilafu. Inasoma, na inachopata ni biti za 1 tupu, ambazo kwa heksadesimali huandikwa FF FF FF, mpaka mwisho. Ikiandika, maandishi yanapotea kimyakimya. Tendo la kusoma limefanyika, ila yaliyomo hayakupatikana. Ndiyo maana napendelea kiima kiwe "yaliyomo" badala ya "ukurasa": yaliyomo hayasomeki kutoka nje.

Ya tatu ni ukurasa uliokwisha kuhamishwa kwenda kumbukumbu ya kawaida, umesimbwa kwa njia fiche. Huu keneli inausoma baiti kwa baiti, inaunakili, hata inaweza kuupeleka diski. Unasomwa, lakini hausomeki. Mara chache Kiswahili hukupa sentensi fupi hivyo yenye kweli yote ndani yake. Usiipoteze kwa kuandika "hauwezi kusomwa" kila mahali.

Sasa "kufukuza". Unafukuza kuku, mwizi, mpangaji asiyelipa, na aliyefukuzwa hatarajiwi kurudi. Ukurasa wa enklevu hurudi, na hurudi vilevile ulivyoondoka. "Kufuta" ni kubaya zaidi, maana yaliyomo hayapotei. Andika "kuhamisha" na "kurejesha", kisha uonyeshe hatua, kwa kuwa wengi hudhani ni kunakili tu. Amri ya EBLOCK huuzuia ukurasa, tafsiri mpya ya anwani yake (rekodi ya mahali ulipo) isiwekwe katika akiba ya kichakataji. ETRACK huanza kufuatilia nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji wa programu, zilizo ndani ya enklevu. EWB husimba ukurasa wa baiti 4096 na kuutoa, pamoja na maelezo ya baiti 128, huku namba ya toleo ya baiti 8 ikibaki ndani ya EPC. Kama kuna uzi ambao haujatoka tangu ufuatiliaji uanze, bado unaweza kuwa na tafsiri ya zamani, na EWB hukataa. Hapo keneli hutuma ishara kwa vichakataji vinavyohusika ili nyuzi zitoke, kisha hujaribu tena. Wakati wa kurejesha kwa ELDU, baiti moja ikiwa imebadilishwa, au nakala ikiwa ya zamani, ukurasa haupokelewi.

Keneli hapa ni kama mchukuzi wa soko la Mwaloni mwenye magunia ya dagaa yaliyoshonwa midomo: anayahesabu, anayapanga, anayapandisha na kuyashusha, bila kujua ndani kuna nini. Wanafunzi wakilishika hilo, hawatashangaa kwamba msimamizi wa kumbukumbu hana ruhusa ya kuiona.

Kuhusu "kichakataji", msomaji amefanya vema kutoandika "prosesa". Mji unaochakata minofu ya sangara haukosi kukielewa kitenzi "chakata". Angalia tu upatanisho: kichakataji kinakataa, vichakataji vinakataa. "Mchakato" nao uko ngeli ya mti, kwa hiyo mchakato umenyimwa ruhusa, si "amenyimwa", hata kama unauona unahangaika kama mtu. Na wingi wa ukurasa ni kurasa; "makurasa" waachie wenyewe.

Aya yake ningeiandika hivi: "Yaliyomo katika kurasa za enklevu hayasomeki kwa keneli: ikisoma kutoka nje hupata biti za 1 tupu. Kurasa zilizo wazi katika EPC zikipungua chini ya 32, keneli ya Linux huamsha uzi wake uitwao ksgxd, ambao huchunguza kurasa 16 kwa mkupuo, husimba zile zisizotumika karibuni na kuzihamishia kumbukumbu ya kawaida, mpaka zilizo wazi zifike 64. Ukurasa uliohamishwa hurejeshwa enklevu inapouhitaji."