Maswali ya Barabarani: Ukiwa na Mkia Nyuma, Spidi Inabadilika

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mi niko Ngamiani hapa hapa Tanga. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tunaenda California kwa mdogo wangu kaolewa huko, na mipango yao ni kukodi motohomu, ile nyumba kabisa ina jiko na choo ndani, halafu nyuma wafunge kigari chao kidogo wakivute ili tukifika hifadhi ya Yosemite tupate cha kuzungukia. Sasa shemeji kasema njia nzima ni maili 55 na hatoki leni ya kulia. Mume wangu kacheka sana, kaendesha mabasi ya mikoani huyu, anasema barabara ina leni nne unaendaje mwendo wa kusindikiza bibi harusi, huo ni uoga tu. Nani mkweli? – Mama wa Ngamiani

JIBU: Shemeji ndo mkweli dada, na mzee mwambie apunguze kicheko mapema manake faini za kule zinauma. California ukivuta kitu chochote nyuma, iwe trela, boti au gari lingine, mwisho wako ni maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi, hata kama kibao kikubwa pembeni kinasema 65 au 70. Motohomu yenyewe ikiwa tupu nyuma inafuata kibao kama gari nyingine ndogo. Yaani gari ile ile, dereva yule yule, asubuhi ana ruhusa ya 65, akishafunga kigari mchana anarudi 55. Kinachohesabiwa ni mkia, mambo ya injini kuwa na nguvu hayaulizwi.

Kuhusu leni pia yuko sahihi, ila ana uhuru kidogo zaidi ya anavyodhani. Wale wanaendesha kulia, kwa hiyo leni ya wapole ni ya kulia kabisa, kinyume na sisi. Mwenye kuvuta anakaa hapo, akitaka kuovateki anatoka leni moja tu kushoto kwake, anapita, anarudi. Barabara ikiwa na leni nne au zaidi kwa upande mmoja, na hamna vibao vilivyowapangia leni yao maalum, basi anaweza kutembea kwenye mbili za kulia bila shida. Za huku kushoto asiziguse. Na kuna mtego mmoja, utaona leni ina alama ya almasi imechorwa chini, hiyo ni ya gari zenye watu wawili na kuendelea, mzee atasema sisi tuko wanne tunaingia, hapana, mwenye kuvuta haruhusiwi humo hata akijaza ukoo mzima.

Mkishaacha barabara kuu mkaanza kupanda milima ya kuelekea Yosemite mtakutana na sheria ambayo mi naipenda kuliko zote. Barabara ya leni moja kwenda moja kurudi, ukiwa unaenda taratibu na nyuma yako zimejipanga gari tano au zaidi na hazina pa kupita, sheria inakutaka uingie pembeni sehemu iliyotengwa au popote palipo salama, uwapishe. Wamezichimba kabisa hizo sehemu na vibao vinakuambia ya mbele iko wapi. Hebu fikiria ingekuwa Segera kwenda Chalinze, lori limebeba kontena linapanda kilima na foleni nyuma yake mpaka huoni mwisho, watu wanachungulia chungulia wapite kwenye kona, ajali zetu ngapi zinaanzia hapo! Mzee na mabasi yake analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Kwa nini wamewabana hivyo? Spidi ukiipandisha kutoka kilomita 80 kwenda 110, ile nguvu inayotakiwa kuisimamisha gari inakaribia kuwa mara mbili, haiongezeki kidogo kidogo kama watu wanavyodhani, na breki za kazi hiyo mara nyingi ni za gari la mbele tu. Halafu matairi. Akifika huko asome ubavu wa tairi ya trela lolote, akiona herufi ST mbele ya saizi ajue ni tairi maalum ya trela, na nyingi za aina hiyo kama hazijaandikwa daraja lake la spidi zimetengenezwa kwa mwisho wa maili 65. Watu wanazichanja jua kali la kiangazi kwa 75 halafu zikipasuka wanasema tairi feki.

Vingine viwili vitatu haraka. Kigari kinachovutwa kwa magurudumu yake yote manne chini hakirudi rivasi, ukijaribu tairi zake za mbele zinajipinda na vyuma vinavunjika, kwa hiyo kabla hamjaingia kwenye sheli aangalie kwanza kama kuna pa kutokea mbele, la sivyo mtashuka kufungua vyuma huku watu wanapiga honi. Leseni: motohomu ikizidi futi 40 wanataka leseni ya daraja la juu, ila za kukodi nyingi ziko chini ya hapo. Na kila jimbo lina yake, mkivuka kuingia Nevada msidhani mambo ni yale yale, angalieni vibao mpakani.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Raskazone, nina boti ya faiba futi 18 ina injini moja nyuma, huwa naipeleka Pangani na Land Cruiser. Mpaka 70 iko poa, ikifika 90 trela linaanza kucheza baikoko, kushoto kulia kushoto kulia mpaka gari nzima inatingishika. Fundi kasema nibadilishe springi. Na je spidi yangu kisheria ni ngapi? – Mvuta Boti

JIBU: Marahaba mwanangu. Springi acha kwanza, hela yako usiitoe.

Tuanze na sheria ni fupi. Penye makazi na kibao cha 50 ni 50, hapo hamna mjadala. Gari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 mwisho wake ni 80 popote. Sasa wewe jumlisha Land Cruiser, trela la chuma, boti, injini, mapipa ya mafuta na vijana wawili waliokaa nyuma, uko wapi hapo? Mi ningekuwa wewe ningeifanya 80 ndo dari yangu bila kusubiri trafiki anihesabie. Na huko kwenyewe trela lako limeshakuambia linataka chini ya 90, umsikilize.

Ugonjwa wako mi nahisi ni mzigo umelala nyuma. Boti uzito wake uko kwenye injini, na injini iko mkiani, kwa hiyo trela linanyanyua pua badala ya kulalia gari. Linatakiwa lilalie. Kipimo chake wanaovuta sana wanatumia kama asilimia 10 ya uzito wote wa trela na mzigo, ikae kwenye ule mpira wa chuma nyuma ya gari, Wamarekani wanaenda mpaka 15. Chukua mizani ya kupimia watu, weka kipande cha mbao juu, sawazisha trela likiwa sehemu tambarare, shusha pua yake pale juu ya mbao usome. Tuseme trela na boti vyote pamoja ni kilo 900, basi mizani isome 90 na kitu. Ikisoma 30 jibu umelipata. Sogeza boti mbele kwenye trela, kile kinguzo cha mbele inapogusa pua ya boti kinafunguliwa kwa spana kinasogezwa, halafu nanga, mapipa na maji yote yahamie mbele. Mara nyingi baikoko inaishia hapo. Ikiendelea ndo tuangalie upepo wa matairi, beringi na hizo springi za fundi.

Likianza kuyumba uko njiani, usikanyage breki kwa nguvu, na usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mafuta, kuna watu wanafundishana hivyo vijiweni na ni hatari kabisa. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani ushike umenyooka usishindane nalo, liache litulie lenyewe spidi ikishuka. Usukani ukianza kulifuata kila linapoenda unalisaidia kuyumba.

Na hili hujaniuliza ila nakuambia kwa sababu nawaona pale ufukweni. Mkifika tu mnarudisha trela moja kwa moja kwenye maji ya chumvi. Beringi bado za moto toka barabarani, zikiingia kwenye maji baridi ghafla hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji ndani ya hausi, grisi inakuwa kama maziwa, wiki mbili baadaye gurudumu linalia. Kaeni kwanza kivulini kunyweni madafu, gusa hausi kwa mkono, ikipoa ndo shusha. Waya wa taa za trela uchomoe kabla halijaingia majini. Na ile minyororo ya usalama ipite imepishana kama msalaba chini ya pua, ili trela likichomoka pua ilalie minyororo isichimbe lami. Wewe nina uhakika huna minyororo.

SWALI: Kaka mambo. Mi ni mwongoza watalii, nimepata wageni wa Kijerumani wanakuja na lori lao wamelijenga nyumba juu, wanatokea Kenya wanaingilia Horohoro, nitawapokea mpakani twende nao Tanga mjini halafu Bagamoyo. Wanasema kwao wanaruhusiwa 100. Je hapa? Na usukani wao uko kushoto, trafiki hawatasumbua? – Kijana wa Chumbageni

JIBU: Poa kijana. Kwao ni kweli, gari-nyumba ya kati ya tani tatu na nusu na saba na nusu inaruhusiwa 100 kwenye ile barabara yao kubwa. Ila usiwaache wakudanganye kwamba Ujerumani hamna spidi, mwenye gari ndogo anayevuta nyumba ya trela kwao ni 80 tu hata kwenye hiyo barabara inayosifiwa dunia nzima, na akitaka 100 gari na trela zikaguliwe abandikwe stika, na matairi ya trela yasiwe yamezidi miaka 6.

Hapa lori lao likizidi kilo 3,500 ni 80, hata wakisema ni nyumba, hata wakikuonyesha kitanda na sinki. Na wakikuta mizani njiani waingie, wageni wengi wanapitiliza wakidhani ni ya wabeba saruji peke yao. Wewe kazi yako kubwa itakuwa vibao vya 50. Tanga mpaka Segera vijiji vimefuatana, kibao cha 50 hiki, unatoka, hujakaa vizuri kingine hiki, na tochi ya trafiki haikai katikati ya kijiji, inakaa pale mwisho ambapo dereva ameshaona nyumba zimeisha kakanyaga na kibao cha kumaliza 50 bado hajakifikia. Waambie wasubiri kile kibao chenye mistari ya kukata ndo waongeze. Wakinaswa faini ni elfu 30 kwa kosa na inalipwa kwa kontrol namba, hakuna kumpa mtu mkononi, na wewe usiwe dalali hapo katikati.

Usukani wa kushoto sio kosa kwa mgeni na gari yake. Tatizo ni kuovateki. Sisi tunatembea kushoto, yeye kakaa kushoto, mbele kuna basi, haoni kitu mpaka atoe nusu ya lori nje. Anayekaa kiti cha kulia ndo jicho, na huyo ni wewe. Mkubaliane maneno mawili mapema, mojawapo la pita na jingine la subiri, kwa lugha ambayo wote mnaisikia haraka, sio unaanza kutafuta Kijerumani basi la Arusha linakuja. Kwenye vilima na penye mstari usiokatika usiseme pita hata wakinuna. Na pale mpakani hakikisha wana bima ya njano ya COMESA, ile kadi moja ya bima ya gari inayotumika nchi kadhaa, hapa Tanzania inatambulika, na kibali cha gari ya kigeni wamelipia kabla hamjaondoka.

SWALI: Mwanangu yuko Leicester Uingereza, kanunua trela kavuta na gari yake kusaidia rafiki kuhama, kasimamishwa na polisi eti kapita leni ya tatu. Barabara si ya wote? – Baba wa Muheza

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ya wote, isipokuwa hiyo. Uingereza barabara kuu yenye leni tatu au zaidi, mwenye trela haruhusiwi ile ya kulia kabisa, kwa hiyo zikiwa tatu anabaki na mbili za kushoto. Wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo leni ya wapole ni ile ile aliyoizoea Muheza. Spidi yake na trela ni maili 60 huko, na kwenye barabara ya kawaida isiyogawanywa katikati ni 50, wakati gari bila trela zinaenda 70 na 60. Leseni asiwe na wasiwasi, toka Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari kule inaruhusu kuvuta trela mpaka kilo 3,500, hatakiwi mtihani mwingine.